Kuweka Sawa Kemia ya Maji katika Tangi la Matumbawe: Mwongozo Kamili

Matumbawe magumu hujenga mifupa yake kwa kuchota kalsiamu na bikaboneti katika maji yanayoyazunguka. Baharini uchotaji huo hauonekani, kwa kuwa maji ni mengi kupita kiasi na hayatulii mahali pamoja. Ndani ya tangi la lita 200 lililowekwa sebuleni, kinachochotwa leo kitaonekana kimepungua kwenye kipimo cha kesho kutwa. Kwa hiyo mwenye tangi ana kazi mbili. Ya kwanza ni kujua maji yake yana nini kwa sasa. Ya pili, ambayo wengi huiruka kisha wakahangaika, ni kujua maji hayo yanapoteza kiasi gani kila siku. Tumbawe huvumilia alkaliniti, yaani akiba ya bikaboneti na kaboneti iliyomo majini, ya digrii 7 na huvumilia pia ya digrii 10. Lisichovumilia ni kupandishwa kutoka 7 hadi 10 na kurudishwa 7 ndani ya wiki moja.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao haufai kuvurugwa: maji ya kuanzia, kiwango cha chumvi, namna ya kupima, magnesiamu, alkaliniti pamoja na kalsiamu, pH (kipimo cha uasidi wa maji), na mwisho nitrati na fosfati. Kila hatua hutegemea iliyoitangulia, na anayeanza na kalsiamu kabla ya kuhakikisha chumvi hupoteza muda wake na kemikali zake.

Viwango vya kulenga

Maji ya bahari ya asili yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo, kalsiamu ya miligramu 410 hadi 420 kwa lita, magnesiamu ya karibu miligramu 1,300 na alkaliniti ya karibu digrii 7 katika kipimo cha dKH, yaani digrii za ugumu wa kaboneti. Ndani ya tangi la nyumbani viwango vinavyofaa ni hivi:

- Halijoto: nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi
- Chumvi: gramu 35 kwa kilo, yaani uzito mahususi wa karibu 1.026
- Alkaliniti: dKH 7 hadi 9
- Kalsiamu: miligramu 400 hadi 450 kwa lita
- Magnesiamu: miligramu 1,250 hadi 1,350 kwa lita
- pH: 7.8 hadi 8.4
- Nitrati: miligramu 2 hadi 10 kwa lita
- Fosfati: miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita
- Amonia na nitriti: zisionekane kabisa kwenye kipimo

Chagua namba moja ndani ya kila kiwango na ubaki nayo. Aliyeamua kwamba alkaliniti yake ni 8 hana sababu ya kuipandisha hadi 9 kwa kuwa tu ameona tangi la mwenzake linapendeza.

Hatua ya kwanza: maji ya kuanzia

Maji ya bomba hayafai, hata yale yanayonyweka bila shaka yoyote. Huwa na klorini au kloramini, mara nyingi yana nitrati na fosfati, na yakiwa yamepita kwenye mabomba ya shaba yanaweza kubeba shaba kidogo, ambayo kwa binadamu si kitu lakini kwa matumbawe, kamba na konokono ni sumu. Tumia maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosi kinyume na kupitishwa kwenye resini ya kuondoa ayoni. Kipima chembe zilizoyeyuka kiwekwe mwisho wa mtambo na kisome sifuri. Kikianza kusoma 1 au 2, resini imechoka na inapaswa kubadilishwa mara moja, kwa maana resini iliyochoka huanza kuachia ilichokuwa imekishika.

Unapochanganya chumvi, tia chumvi kidogo kidogo ndani ya maji yanayozungushwa na pampu, wala usimwage maji juu ya rundo la chumvi. Ukifanya kinyume chake, sehemu ya chini huwa kali kupita kiasi kwa muda, kalsiamu na kaboneti hushikana, na utabaki na unga mweupe usioyeyuka tena. Acha mchanganyiko uzunguke kwa saa kadhaa, uupashe joto ufikie lile la tangi, kisha upime chumvi na alkaliniti kabla ya kuutumia. Alkaliniti ya chumvi za madukani hutofautiana sana, kuanzia karibu digrii 7 hadi kufikia 12, na anayebadilisha sehemu kubwa ya maji bila kulijua hilo huyapa matumbawe yake mshtuko kwa nia njema kabisa.

Hatua ya pili: kiwango cha chumvi

Vipimo vingine vyote vinaning'inia hapa. Maji yenye chumvi ya 32 badala ya 35 yatakuwa na kalsiamu ya karibu 384 hata kama chumvi yenyewe ni ya ubora wa juu, na mtu asiyejua ataanza kuongeza kalsiamu ilhali alichopungukiwa ni chumvi. Tumia refraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa namna mwanga unavyopinda majini, na uisawazishe kwa kimiminika maalumu cha 35 badala ya maji matupu. Chombo kinaweza kusoma sifuri sawasawa juu ya maji yasiyo na chumvi na bado kikakosea kwa namba mbili au tatu pale unapokihitaji hasa.

Maji yanayokauka huacha chumvi nyuma. Kwa hiyo kinachofidiwa kila siku ni maji matupu yaliyochujwa, na ingefaa kazi hiyo ifanywe na kifaa cha kujazia chenyewe chenye boya, kwa sababu tangi dogo linaweza kupoteza asilimia 1 ya maji yake au zaidi kwa siku. Ikiwa chumvi imepanda au imeshuka, irudishe kwa siku kadhaa, ukisogea nusu namba hadi namba moja kwa siku. Ukishaifikisha 35, ndipo upime vingine upya. Matokeo ya awali yatupe.

Hatua ya tatu: kupima kwa namna inayoaminika

Vifaa vingi vya nyumbani hutumia titresheni: unachukua kiasi maalumu cha maji ya tangi, unatia kiashiria, kisha unadondosha kemikali ya kupimia hadi rangi igeuke. Makosa huingia katika mambo madogo. Suuza kichupa mara mbili kwa maji ya tangi yenyewe. Chukua sampuli kwa bomba la sindano badala ya kukisia kwa alama ya kichupa, na usome kwenye ukingo wa pistoni. Ikiwa kuna kiputo cha hewa kwenye ncha ya bomba la kemikali, kiache pale pale tangu mwanzo hadi mwisho, kwani kikitoka katikati ya kipimo utahesabu hewa kama kemikali. Unapokaribia mwisho, rangi huanza kuyumba: katika kipimo cha alkaliniti huonekana tone la waridi likitokea na kutoweka ndani ya buluu au kijani kila unapotikisa. Hapo punguza mwendo, dondosha tone moja moja na utikise kwa sekunde chache kila mara. Kipimo huishia pale rangi mpya inapobaki, si pale inapotokea kwa mara ya kwanza.

Pima saa ileile kila mara. Matumbawe huchota zaidi wakati taa zimewaka, na alkaliniti ya asubuhi si lazima iwe sawa na ya jioni. Andika matokeo kwenye daftari pamoja na tarehe na kiasi cha kemikali ulichotia. Na usirekebishe chochote kwa sababu ya kipimo kimoja cha kushangaza. Rudia kwanza, ikiwezekana kwa kifaa kingine au kwa kimiminika cha rejea ambacho kiwango chake kinajulikana.

Hatua ya nne: magnesiamu kabla ya kalsiamu

Maji ya bahari yana kalsiamu na kaboneti nyingi kuliko ambavyo kwa kawaida zingekaa pamoja bila kushikana na kuwa chokaa. Magnesiamu ndiyo inayozuia: hujipachika juu ya chembe changa za chokaa na kuzifanya zisiendelee kukua. Ikishuka chini ya 1,200 hivi, utaona dalili ya kuudhi, yaani unaongeza kalsiamu na alkaliniti na vipimo havipandi, huku hita na pampu zikivaa ganda jeupe gumu.

Kila gramu 8.4 za kloridi ya magnesiamu yenye maji ya fuwele huongeza miligramu 10 kwa lita katika lita 100. Kwa hiyo lita 200 zenye magnesiamu ya 1,150 zinazohitaji kufika 1,300 zitakula takriban gramu 250, kiasi ambacho huwashangaza wengi. Igawe kwa siku tatu au nne. Baada ya hapo magnesiamu hupungua polepole sana, na kuipima mara moja kwa mwezi kunatosha.

Hatua ya tano: alkaliniti na kalsiamu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Tumbawe linapojenga mfupa wake hutumia kalsiamu na alkaliniti kwa uwiano usiobadilika: kwa kila digrii 1 ya dKH inayopungua, kalsiamu hupungua kwa takriban miligramu 7 kwa lita. Kwa sababu hiyo alkaliniti ndiyo huonyesha mabadiliko kwanza. Kushuka kwa digrii 2 ni robo ya akiba yote ya alkaliniti, ilhali kalsiamu inayolingana na hiyo ni miligramu 14 tu kati ya 420, na vifaa vya nyumbani haviwezi kuitofautisha vizuri na kosa la kupimia. Pima alkaliniti mara kwa mara, na kalsiamu mara moja kwa wiki au hata kwa wiki mbili.

Anza kwa kurekebisha kiwango. Gramu 3 za bikaboneti ya sodiamu huongeza digrii 1 katika lita 100, na gramu 3.7 za kloridi ya kalsiamu yenye maji ya fuwele huongeza miligramu 10 kwa lita katika kiasi hichohicho cha maji. Hesabu maji halisi, kwa kuwa mawe na mchanga hula nafasi. Tangi lililouzwa kama la lita 240 linaweza kuwa na maji lita 200 tu. Alkaliniti isipandishwe kwa zaidi ya nusu digrii hadi digrii 1 kwa siku, na nusu ndiyo ninayoipendekeza palipo na Acropora, matumbawe magumu yenye matawi. Tumia kemikali za kiwango cha chakula au cha maabara, kwani kloridi ya kalsiamu inayouzwa kwa ajili ya kuyeyushia barafu barabarani inaweza kuwa na takataka usizozijua.

Kabla ya kutia chochote, soma vipimo viwili kwa pamoja. Vyote viwili vikiwa chini, ongeza vyote kwa uwiano. Kimoja kikiwa chini na kingine mahali pake, ongeza kile kimoja tu. Vyote vikiwa juu, usifanye lolote zaidi ya kuacha kutia, na matumbawe yenyewe yatavishusha. Kilicho juu kisishushwe kwa asidi wala kwa hila nyingine yoyote. Kungoja ni bora.

Kisha pima matumizi ya siku, na hili ndilo ambalo ningemsisitizia mgeni kuliko jingine lolote katika mwongozo huu. Acha kutia alkaliniti kwa siku tatu, bila kubadilisha maji. Tuseme Jumatatu saa mbili usiku kipimo ni 8.2, na Alhamisi saa ileile ni 7.3. Tangi limetumia digrii 0.9 kwa siku tatu, yaani 0.3 kwa siku. Katika lita 200 hiyo ni gramu 1.8 za bikaboneti kila siku. Kalsiamu inayolingana nayo ni miligramu 2.1 kwa lita, ambayo ni kama gramu 1.6 za kloridi ya kalsiamu. Namba hizo mbili ndizo dozi yako.

Ili isiwe lazima kupima unga kila siku, tayarisha chupa mbili. Katika chupa ya kwanza yeyusha gramu 60 za bikaboneti kwa kila lita ya maji yaliyochujwa. Katika ya pili, gramu 52 za kloridi ya kalsiamu kwa lita, ukijua kwamba maji yatapata moto unapoiyeyusha. Chupa hizi zinalingana, kwa hiyo unatia mililita sawa kutoka kila moja: kwa mfano wetu, mililita 30 na mililita 30. Zitiwe penye mkondo mkali na zitofautiane kwa nusu saa au zaidi, kwa kuwa zikikutana kabla hazijachanganyika na maji ya tangi zitatoa wingu jeupe la chokaa. Mwenye pampu za kudondoshea azigawe katika dozi ndogo nyingi za usiku na mchana. Asiye nazo atie kwa mkono wakati uleule kila siku, na tangi lenye matumbawe laini au Euphyllia wachache (matumbawe magumu yenye minyiri mirefu) litaenda vizuri kabisa.

Njia hii ina deni lake: sodiamu na kloridi zinazobaki ni chumvi ya kawaida, na kiwango cha chumvi hupanda polepole kwa miezi. Ndiyo sababu refraktomita haiwekwi kabatini baada ya kuanza kudosi.

Njia nyingine ni maji ya chokaa, yaani hidroksidi ya kalsiamu iliyoyeyushwa kwa kiasi cha gramu 1.5 hadi 2 kwa lita katika maji ya kujazia. Huongeza alkaliniti na kalsiamu kwa uwiano ule ule wa matumbawe, hupandisha pH, na haiachi chumvi. Kikomo chake ni maji yanayokauka: tangi linalopoteza asilimia 1 kwa siku litapata kwa njia hii takriban digrii 1 kwa siku, na si zaidi. Maji hayo yana pH ya zaidi ya 12, hivyo yadondoshwe taratibu sana. Kifaa cha kujazia kikikwama na kuyamwaga yote kwa mkupuo kinaweza kuua tangi zima. Vaa glavu na miwani, wala usiuvute unga wake puani.

Hatua ya sita: pH

pH huzungumzwa kuliko inavyostahili. Hupanda mchana matumbawe na mwani vinapotumia hewa ya ukaa, hushuka usiku, na tofauti ya 0.2 au 0.3 kati ya nyakati hizo ni ya kawaida. Ikiwa alkaliniti iko sawa na pH bado iko chini ya 7.8, mshukiwa wa kwanza ni hewa ya chumba kilichofungwa, iliyojaa pumzi za watu na moshi wa jiko. Ni rahisi kulithibitisha: chota bilauri ya maji ya tangi, ipeleke nje na uipulizie hewa kwa pampu ndogo kwa saa moja, kisha pima. pH ikipanda, kinachohitajika ni dirisha, au mrija unaoleta hewa ya nje kwenye mashine ya kuengua povu, ile inayotoa uchafu majini kwa viputo vya hewa. Kemikali za chupa zinazoahidi kupandisha pH nyingi ni alkaliniti kwa jina jingine, nazo zitaharibu kile ulichokwisha kukiweka sawa.

Hatua ya saba: nitrati na fosfati

Tangi jipya lisipokee tumbawe kabla amonia na nitriti hazijatoweka, maana yake bakteria wameshakaa kwenye mawe. Baada ya hapo zinabaki nitrati na fosfati, ambazo wengi huzipiga vita hadi sifuri. Sifuri si lengo. Mwani unaoishi ndani ya tumbawe unazihitaji zote mbili, na tangi lililokaushwa virutubisho mara nyingi hupata matumbawe yaliyopauka, pamoja na ule utando wa kahawia wenye viputo ambao ni mgumu kuuondoa kuliko mwani wa kijani. Alkaliniti ya juu pamoja na virutubisho vya chini huunguza ncha za Acropora. Anayeendesha tangi lenye virutubisho vichache na abaki karibu na dKH 7.

Fosfati ikipanda, punguza chakula kwanza, safisha chujio, kisha ndipo utumie punje za oksidi ya chuma zinazonasa fosfati, ukianza na nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Kuishusha kutoka 0.3 hadi 0.03 kwa siku mbili ni mshtuko kamili. Nitrati hushughulikiwa vizuri kwa kuengua povu na kubadilisha maji, lakini kumbuka hesabu yake: kubadilisha asilimia 10 huondoa asilimia 10 tu ya kilichozidi, na alkaliniti ya 6 ikichanganywa kwa kiasi hicho na maji mapya ya 8 itafika 6.2 tu.

Baada ya mambo kutulia

Pima alkaliniti mara mbili kwa wiki, chumvi kila wiki, nitrati na fosfati kila wiki au mbili. Iodini, strontiamu na madini mengine madogo usiyatie kwa kubahatisha. Yanayopungua hujazwa na chumvi mpya katika ubadilishaji wa maji, na aliye na wasiwasi apeleke sampuli maabara.

Matumbawe yakikua, dozi ya mililita 30 itakuwa 40, kisha 60. Iongeze kwa hatua ndogo, ukiongozwa na daftari. Kinachotakiwa kukushtua ni kinyume chake: alkaliniti inayoanza kupanda kwa dozi ileile. Maana yake matumbawe yameacha kujenga, na mara nyingi hilo huonekana kwenye kipimo siku kadhaa kabla ya rangi kufifia au nyama kuanza kuchanika. Punguza dozi siku hiyohiyo kwa kiasi kilichozidi, halafu kagua kwa mfuatano huu: halijoto ya usiku, chumvi kwa refraktomita iliyosawazishwa upya, fosfati, resini ya mtambo wa kuchujia, na chochote cha chuma kilichozama au kuanza kutu ndani ya maji, ikiwemo sumaku ya kusafishia kioo iliyopasuka ganda lake.